Kukata Tamaa na Kukata Kiu

Aliyeiharibu tafsiri yangu ni mama mmoja muuza vitenge pale Kashikishi, na hadi leo namshukuru. Ilikuwa Januari. Mvua ilitukusanya chini ya paa la mabati, kando ya ziwa Mweru, upande wa Zambia, yeye na furushi lake la vitenge, mimi na daftari langu. Watu wa huku Nchelenge huzungumza Kibemba, na nilikuwa nimekwisha kusalimia kwa Kibemba changu cha kuokoteza, mwapoleni mukwai, nikaishia hapo. Aliponisikia nikijisomea sentensi kwa sauti ya chini, akageuka.

"Papa, kumbe unasema Kiswahili?"

Nikamwambia ndiyo, mama, na kwamba nilikuwa nikitafsiri mafundisho ya watu wa dini ya Budha. Akaomba nisome kwa sauti. Nikasoma sentensi niliyoionea fahari kwa wiki nzima: binadamu akiacha tamaa, mateso yake huisha. Alinyamaza kidogo, mikono ikiendelea kukunja kitenge. Halafu akauliza: "Papa, tukiacha tamaa, tutabakia na nini?"

Mama huyo alivuka kutoka Kongo mwaka 2017, wakati mapigano yalipowafukuza maelfu ya watu kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Alipita kambi ya muda ya Kenani, kisha akahamishiwa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa Januari 2018 humu humu katika wilaya ya Nchelenge. Hakuwa akinipinga, wala hakuwa akifanya falsafa. Alisikia neno kama lilivyo kinywani mwake. Kwake yeye tamaa ilikuwa ile kamba iliyomvusha ziwa: tamaa ya kumwona mwanawe aliyepotezana naye njiani, tamaa ya kurudi kwenye shamba la mihogo. Nami nilikuwa nimemsomea kwamba dini moja kongwe inamtaka aikate.

Nilifunga daftari. Tangu siku ile nimekuwa nikilizunguka neno hilo moja kama mbwa anayemzunguka jongoo.

Tamaa ina nyuso mbili, na Waswahili tumezizoea zote mbili hata hatuoni ajabu. Upande mmoja ni ile ya fisi wa njia panda, aliyetaka kufuata harufu mbili kwa mara moja mpaka akapasuka msamba. Ndiyo ya methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Mwenye tamaa katika usemi wa kila siku ni mtu wa kuchungwa asikae karibu na sufuria wala karibu na sanduku la chama. Lakini upande wa pili, mgonjwa akianza kula uji tunasema sasa kuna tamaa ya kupona. Mwanafunzi aliyefeli mara mbili akirudi shule tunamsifu kwamba hakukata tamaa. Neno ni lilelile, ila safari hii limebeba uhai.

Tukimlaumu Mswahili kwa kuchanganya mambo tutamwonea, kwa sababu mchanganyiko huo ulikuja na neno lenyewe. Kiarabu kilikotoka neno hili kina tamaa ya uroho, na kina pia tamaa ya kutarajia. Katika Kurani neno hilo limewekwa ubavuni mwa hofu: waja humwomba Mola wao wakiogopa na wakitumaini, na katika Sura ya Radi umeme wa mawingu unatajwa kuwa jambo linaloonyeshwa kwa watu liwatie hofu na tamaa. Ukikaa ukingoni mwa Mweru wakati wa masika utaelewa bila ufafanuzi. Mvuvi anayeuona umeme ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, anaogopa mtumbwi wake kuzama na wakati huohuo anaona mvua itakayoyajaza mabwawa samaki wanakozaliana.

Sasa tazama kitendo kinachofuatana na tamaa. Kukata ni kitenzi cha ajabu katika lugha yetu; hukata hata visivyoshikika. Tunakata shauri, tunakata rufaa, tunakata tiketi, tunakata mbuga, na mwisho wa yote tunakata roho. Ukikata tamaa umekufa ungali hai. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Sikuwa nimeandika kukata tamaa, niliandika kuacha, nikadhani nimelikwepa shimo. Masikio ya Kiswahili hayakudanganyika. Mtu yeyote anayeambiwa aache tamaa atasikia ile nyingine nyuma yake, kama unavyosikia ngoma ya kijiji cha pili ingawa unacheza ya kwenu.

Budha hakufundisha kukata tamaa. Kwa hiyo kosa si la mapambo. Ni kosa la kumgeuza mganga kuwa muuaji.

Mafundisho yenyewe yanajulikana kwa kifupi. Katika hotuba yake ya kwanza, kwenye mbuga ya paa ya Isipatana karibu na Varanasi, Budha aliwaeleza watawa watano kweli nne: kwamba ipo dukkha, ile ambayo wengi huiandika mateso, kwamba ipo asili yake, kwamba ipo namna ya kukoma kwake, na kwamba ipo njia ya kufika huko. Asili ya dukkha aliitaja kwa neno la Kipali, tanha. Wasomi wa Ulaya walipoanza kuyachapa maandiko hayo kwa bidii, hasa baada ya Thomas William Rhys Davids kuanzisha chama cha maandiko ya Kipali huko London mwaka 1881, neno hilo lilipitia Kiingereza likatoka limevaa koti pana, linaloenea kutaka kwa kila aina. Sisi wa huku tumelipokea kutoka kwenye koti hilo. Tumetafsiri tafsiri.

Na haja ya kutafsiri vizuri si ya mezani kwangu tu. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinghala katika karne iliyopita, pale Upanga. Uganda kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na mafundisho hayo akiwa mwanafunzi India, akawa mtawa mwaka 2002. Maneno haya yameshakanyaga udongo wetu. Swali ni yatavaa nguo gani.

Basi turudi kwenye mzizi. Tanha maana yake ni kiu. Si fumbo wala tafsiri ya kiroho. Ndivyo neno linavyosema, kiu ya koo, kiu ya mtu aliyetembea juani. Nilipolikumbuka hilo nilikuwa bado chini ya paa la mabati, na nikajiona mjinga, maana kiu ni neno letu la tangu asili, la Kibantu, halikuja na jahazi lolote. Wabemba nao wana lao, icilaka, na ukimtajia mvuvi wa Nchelenge icilaka hatakuuliza unamaanisha tamaa mbaya au tamaa njema. Kiu haina mbaya wala njema. Ipo, inauma, inataka maji.

Kisha nikajaribu kitenzi. Kukata tamaa ni kufa moyo. Kukata kiu ni nini? Ni kupoa. Ni yule mtu aliyefika kisimani. Kitenzi kilekile, kukata, kikishika tamaa kinaua, kikishika kiu kinaponya. Sijui lugha nyingine iliyoweka tofauti hiyo wazi namna hii, na niliandika sentensi upya palepale: kiu ikikatika, mtu hupoa. Nikamsomea mama. Akasema, "Hiyo nayo ni kweli," akaendelea na vitenge vyake, kwa sababu haikuwa habari.

Lakini nilifurahi mapema mno. Mtu anakata kiu kwa kunywa, na akishakunywa, saa tatu baadaye kiu iko pale pale. Mafundisho hayasemi kwamba kila kiu ipewe maji yake. Yanasema karibu kinyume: kwamba maji tunayoyakimbilia mengi ni kama maji ya bahari, unavyozidi kunywa ndivyo koo linavyozidi kukauka. Mtu wa Pwani analijua jambo hili tangu utotoni. Wa Mweru, ambaye ziwa lake ni tamu, anajua jingine, kwamba maji ya kuteka ukingoni bila kuchemsha huleta kipindupindu. Kwa vyovyote, kunywa si dawa ya kila kiu. Ndiyo maana nimeacha kusema kukata kiu, nikashika umbo la kutendeka: kiu kukatika. Mvua hukatika, umeme hukatika, maongezi hukatika. Hakuna aliyekata, jambo limekoma kwa sababu kilicholishikilia hakipo tena. Kipali kina nirodha, kukoma, na kukatika ndiyo tafsiri ya karibu niliyoipata. Inanitosha.

Faida nyingine ya kiu niliiona nilipofika kwenye mgawanyo. Wanafunzi wa Budha huhesabu tanha tatu: ya raha za milango ya hisia, ya kuwa, na ya kutokuwa. Ukiandika tamaa, ya kwanza itaeleweka, ya pili itapepesuka, ya tatu itaanguka. Nani ana tamaa ya kutokuwa? Lakini kiu ya kutokuwa inasikika. Ni yule mvulana anayetaka siku ya jana ifutwe. Ni mtu anayelala mchana kutwa si kwa uchovu bali asiwepo. Na kiu ya kuwa ni ya kijana anayetaka kuitwa mwenye mashua kabla hata hajajua kupiga kasia. Kiu inabeba zote tatu bila kuhema.

Niseme pia habari ya hamu, neno ninalolipenda kuliko yote katika ukoo huu. Leo hamu ni jambo la kupendeza: hamu ya kula, hamu ya kuwaona wazazi. Asili yake ya Kiarabu ni wasiwasi, ni majonzi yanayokaa kifuani. Neno limetoka kwenye huzuni likahamia kwenye kutaka, na hakuna aliyeligonga muhuri mpakani. Wasemaji wetu wa zamani waliohamisha maana hiyo hawakuwa watawa, lakini walikuwa wamegundua ukweli wa pili wa Budha, kwamba chumba cha kutaka na chumba cha kuumia vina ukuta mmoja. Wabemba wana kitenzi ukufuluka, kumkosa mtu na kumtamani kwa pamoja, na sikupata neno moja la Kiswahili cha leo linalokifikia. Hamu ya zamani ingekifikia. Tumeipoteza.

Uchu nitaupita haraka. Uchu ni wa ulimi, ni wa mtu aliyekaa mwezi na mboga za majani akasikia harufu ya samaki. Budha hakuhitaji neno dogo hivyo.

Au labda alilihitaji, kwani yeye mwenyewe alisema na watu waliojua uvuvi. Yako mafundisho ambamo wanaotafuta faida, heshima na sifa wanafananishwa na samaki aliyemeza ndoana kwa kupenda chambo, na mengine ambamo moyo usiofunzwa unafananishwa na samaki aliyetupwa nchi kavu, akipapatika. Mafundisho hayo yangeweza kutolewa kwenye mchanga wa Kashikishi bila kubadilisha kitu.

Na kama mtu angetaka mfano wa tanha wenye tarehe na jina, ziwa hili linao. Kuna samaki anayeitwa mpumbu, wa jamii moja na ningu wa ziwa Victoria. Mto Luapula ulipofurika, mpumbu walipanda kutoka Mweru kwa makundi kwenda kutaga, wamejaa mayai, na kwa siku chache mto ulikuwa chakula kitupu. Watu wa hapa waliwavua tangu zamani, na mto uliwatosha. Kisha ng'ambo ya pili ikaja migodi ya shaba ya Katanga, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wenye maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka kituo Kasenga, kwenye Luapula, wakanunua kila kilichovuliwa. Nyavu zikatandazwa mtoni wakati uleule wa kupanda kutaga, maana hapo ndipo kazi ilipokuwa rahisi na mayai yalipokuwa matamu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 mpumbu walikuwa wameporomoka. Ningu nao, kwenye mito ya Victoria, walimalizwa kwa namna hiyohiyo, nyavu mdomoni mwa mto. Baadaye kwenye Mweru zamu ikawa ya pale, perege wa ziwa hili, na pale walipopungua watu wakageukia chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani mchana.

Hapo hakuna tajiri mmoja wa kunyooshewa kidole. Mchimba shaba alikuwa na njaa. Mnunuzi wa Kasenga alikuwa na deni. Mvuvi alitaka baiskeli na karo. Kila mmoja alikata kiu yake, na kiu haikukatika.

Kiswahili chenyewe hakina mikono safi kwenye ukanda huu. Msafiri Livingstone alipoliona ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, akaelekea kwa Mwata Kazembe, mtawala wa eneo hili, alimkuta huko mfanyabiashara kutoka Pwani, Mohammed bin Saleh, aliyekwisha kukaa miaka mingi. Lugha yetu ilikuja hapa ikifuata pembe, shaba na watumwa. Ng'ambo, Bunkeya, Msiri aliyetoka Unyamwezi alijenga ufalme juu ya biashara hiyo mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Hata ziwani kwenyewe kuna kisiwa kinaitwa Kilwa, na mji wa Kilwa upande wa Kongo, majina yanayomshtua mtu wa Pwani anapoyasikia mbali hivi na bahari. Neno tamaa lilisafiri kwenye misafara ileile iliyoonyesha maana yake.

Nilikuwa nimepanga kuandika hapa kwamba tamaa inalimaliza ziwa Mweru, na ningekuwa nimekosea tena, kwa kosa la neno. Katika maziwa mengi ya Afrika, Mweru likiwamo, vyandarua vya mbu huishia majini vikivua samaki wachanga. Nchelenge ni mojawapo ya sehemu zenye malaria kali mno nchini Zambia. Watafiti wamekuwa wakiifuatilia hapa kwa miaka mingi, na mtu anayekitoa chandarua kitandani anajua anachokihatarisha. Je, hiyo ni tamaa? Mwenye kulala ameshiba ataiita hivyo. Kiswahili kina neno haja, na haja si tamaa. Mtoto mwenye njaa ni haja. Budha hakusema mtu aache kula. Yeye mwenyewe alijaribu kujinyima mpaka mbavu zikahesabika, akaona si njia, akapokea chakula. Kipali kina neno jingine kwa ajili ya kutaka kusiko na sumu, chanda, na hilo ningelitafsiri nia. Nia ya kupona, nia ya kusoma, nia ya kuvuka. Ndilo neno ningempa mama wa vitenge badala ya lile nililotaka kumnyang'anya.

Nia ndiyo ninayoiona pia katika jambo linalofanyika hapa kila mwaka. Tarehe 1 Desemba uvuvi unapigwa marufuku hadi mwisho wa Februari, samaki wazaliane. Ziwa linafungwa. Kufunga! Kitenzi cha Ramadhani na cha Kwaresima. Mitumbwi inapinduliwa kifudifudi mchangani, nyavu zinashonwa, watu wanakwenda mashambani. Wapo wanaovunja sheria usiku, na wapo wanaopitisha miezi hiyo kwa shida ya kweli, mfuko mtupu na shule zikifunguliwa Januari. Ila lugha imesema jambo ambalo sheria haikusema: kwamba ziwa zima linaweza kufunga kama mtu anavyofunga, na kwamba anayefunga hajakata tamaa. Amejua tu kwamba kuna kufuturu.

Nimebakiwa na neno zito, dukkha. Karibu kila mahali Kiswahili kinaliandika mateso, nami niliandika hivyo. Tatizo la mateso ni sarufi kabla halijawa imani. Kutesa kunahitaji mtesaji. Ukisema maisha ni mateso, msikilizaji anageuka kumtafuta aliyeshika fimbo, na Mkristo, na wengi wa Nchelenge ni Wakristo, anaona msalaba mara moja. Dukkha haina mtesaji. Ni kuzeeka, kuugua, kufa, kukutana na usichokipenda, kuachana na unachokipenda, kukosa ulichokitaka. Ni hata ile saa ya furaha ambayo ukiwa ndani yake unajua inayeyuka.

Mantapala wapo watu walioteswa, na waliotesa wanajulikana. Kuwaambia watu hao kwamba maumivu yao yametokana na kiu yao ni ukatili, na si mafundisho. Budha alitofautisha mishale miwili. Wa kwanza unampiga mtu mwilini, na mwenye hekima naye hupigwa. Wa pili ni ule moyo unaojichoma wenyewe baada ya hapo: kwa nini mimi, laiti nisingelitoka siku ile, laiti ningemshika mkono. Mafundisho yanazungumzia mshale wa pili. Wa kwanza ni kazi ya mahakama, ya daktari, na ya majirani kama wale wa Nchelenge waliogawana ardhi na wageni. Kwa hiyo neno mateso nimelihifadhi kwa mshale wa kwanza. Lisichezewe.

Kwa dukkha nimechagua dhiki. Wataalamu wamebishana kuhusu asili ya dukkha. Wapo wanaoeleza kwamba ni tundu baya la gurudumu, mhimili haukai vizuri, safari yote inatikisika. Dhiki katika Kiarabu ni ufinyu, ni mahali pasipoenea. Gurudumu lisiloenea kwenye mhimili wake, kifua kisichoenea pumzi, nyumba isiyoenea watoto: hiyo ni dhiki, na haina mtesaji. Wabemba husema ubulanda, neno lenye ufukara na huzuni kwa pamoja, na ningefurahi kama lingetuvukia. Kisha dhiki ina mwenzake tayari, maana methali inasema baada ya dhiki, faraja, na faraja asili yake ni kufunguka, ni upenyo. Ufinyu kisha upenyo. Ukweli wa tatu wa Budha umekaa ndani ya methali ambayo bibi zetu walituambia tukilia, nao hawakuhitaji Kipali.

Neno la kuridhika nalo lina siri. Kukinai ni kutosheka, na ukinaifu ni sifa ya mtu asiyetazama sahani ya jirani. Lakini mtu akila ubwali, yaani ugali, kwa chisense siku kumi mfululizo atasema nimekinai, naye anamaanisha hataki hata kuwaona. Kutosheka na kuchoshwa vimelala kitanda kimoja. Nimeliacha neno hilo kwenye tafsiri yangu, na nyuso zake zote mbili, kwa sababu hapa utata unasema kweli: anayeridhika kwa kujaza tumbo yuko mlango mmoja na karaha.

Upadana, ile hali ya kung'ang'ania, ina maana ya pili katika Kipali: kuni, chakula cha moto. Wanaokausha samaki kwa moshi hawahitaji kufafanuliwa. Moto hauzimwi kwa kuupiga, unazimika kuni zikiisha, na nibbana ni kuzimika huko. Nimeandika kuzimika, sikuandika kuzimia.

Kwenye daftari, neno tamaa nimelifuta kila mahali palipokuwa na tanha, nikaandika kiu. Nimelibakiza mara moja tu, katika tanbihi fupi inayomweleza msomaji kwa nini halipo. Dhiki bado haijanituliza sawasawa, kwa kuwa wengi siku hizi wakisikia dhiki wanafikiria ukosefu wa fedha peke yake. Msomaji wa Lubumbashi, wa Pweto, wa Kigoma au wa Lamu aliye na neno zuri zaidi, lenye ufinyu bila mtesaji, naomba aniandikie.